Mlima Masaba na Mto Kiyira



Mara nyingi wazazi hulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawazijui nchi zao. Kijana wa Mombasa au wa Tanga aweza kukutajia viwanja vya mpira vya Hispania kimoja kimoja, walakini ukimwuliza maji ya Misri yatoka wapi, au mlima ulio mpakani mwa Kenya na Uganda waitwaje, hunyamaza. Dawa ya jambo hili si kuwakaripia. Dawa ni kuwachukua wakaone. Basi katika mwezi wa Rajab 1446, uliolingana na Januari 2025, mwalimu mwenzangu na mimi tulifunga safari na vijana wanne waliokwisha maliza masomo ya sekondari. Tulitoka Mombasa kwenda kupanda Mlima Elgon, kisha tukashuka Jinja kupita kwa chelezo cha mpira katika maji makali ya Mto Nile.

Nataka kuwaeleza tuliyoyaona huko, na khasa jambo moja ambalo mlima na mto vilitufundisha kwa pamoja. Nalo ni hili: hakuna mtu afikaye mahali kwa nguvu za miguu yake peke yake. Daima yuko aliyembeba, ingawa pengine hamwoni.

NJIA YA KUFIKA

Tulikwenda Nairobi kwa gari moshi, na jioni tukapanda basi la Malaba. Alfajiri tulikuwa mpakani. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kuvuka mipaka hii kwa kitambulisho cha taifa tu, bila ya pasipoti, nasi tukapita kwa wepesi baada ya kuonyesha vyeti vyetu vya chanjo ya homa ya manjano. Kutoka hapo tukalipita jabali la Tororo, ambalo limesimama peke yake juu ya mji, na kabla ya adhuhuri tukaingia Mbale.

Njia hii si ngeni kwa watu wa Pwani. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Waswahili iliyotafuta pembe za ndovu ilifika hata Mumias, kusini ya mlima, ikafanya urafiki na watawala wa Wawanga. Na Waislamu tunaowakuta Mumias leo ni matunda ya urafiki ule. Lakini mizigo ya misafara haikujibeba yenyewe. Ilikuwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Niliwakumbusha vijana jambo hili ndani ya basi, wakacheka wakaniambia, "Mwalimu, siku hizi kuna magari." Nikawajibu wangoje tufike mlimani.

Mbale ni mji mzuri uliokaa chini ya magenge ya Wanale, na mvua ikinyesha maporomoko membamba huonekana yakishuka kama nyuzi nyeupe. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kiislamu katika Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988, kinachopokea wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika. Mgeni Mwislamu hapati taabu Mbale. Misikiti iko, na nyama halali yapatikana. Kiswahili nacho kinasikika sokoni na katika vituo vya magari. Tulinunua kuku waliochinjwa kwa sharia, samaki wakavu wa ziwani, mchele, maharage, njugu na tende, maana juu ya mlima hapana duka.

MLIMA ULIVYO

Mlima Elgon hauchomi mbingu kama Kilimanjaro. Ukiutazama kwa mbali umelala kama jahazi lililopinduliwa ufukweni, mpana kuliko urefu wake. Wagisu, ambao ndio wenyeji wa upande wa magharibi, huuita Masaba, na wao wenyewe hujiita Bamasaba, yaani watu wa Masaba. Wataalamu wasema kwamba ni mlima wa moto wa zamani sana, uliotoka ardhini zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, kabla ya Kilimanjaro. Moto wake ulizimika zamani, kilele kikaanguka ndani, likabaki bonde kubwa la mviringo juu ya mlima lenye upana wa kilomita kama 8, nalo limezungukwa na vilele. Kilele kirefu kupita vyote ni Wagagai, mita 4,321 juu ya usawa wa bahari, nacho kiko upande wa Uganda.

Njia tuliyoichagua huanzia Budadiri, kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka Mbale. Hapo ndipo tulipokutana na wenzetu wa safari: kiongozi wa njia, askari wa hifadhi mwenye bunduki, na wapagazi watano, mmoja wao mzee wa miaka zaidi ya hamsini. Mizigo ilipimwa kwa mzani mbele ya macho yetu ili asizidishiwe mtu, na kilichozidi kilitolewa. Kijana mmoja aliyekuja na mkoba uliojaa nguo za picha aliambiwa achague: ama aubebe mwenyewe, ama apunguze. Alipunguza.

Mwanzo wa njia ni mashamba matupu: migomba, maharage, na chini ya vivuli mibuni ya arabika. Kahawa hii ya Bugisu inajulikana duniani, na wakulima wake walikwisha unda chama chao cha ushirika tangu mwaka 1954. Watoto walitoka majumbani kutusalimu. Baada ya saa kadhaa mashamba yakaisha, tukaingia katika msitu wa miti mikubwa, mbega wakiruka juu yetu kwa manyoya yao meusi na meupe. Kisha tukafika penye genge la Mudangi, ambapo njia hupanda kwa ngazi zilizofungwa mwambani. Vijana wetu, waliovaa viatu vya bei kubwa, walipanda wakihema. Wapagazi walitupita wamevaa mabuti ya mpira, mizigo migongoni, wakizungumza habari za bei ya kahawa. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Juu ya genge msitu hugeuka kuwa mianzi mitupu. Mzee mpagazi alituonyesha machipukizi yake, ambayo Wagisu huyakausha kwa moshi na kuyapika na njugu zilizosagwa. Chakula hicho huitwa malewa. Nyumbani kwa Mgisu hapana karamu kubwa isiyo na malewa, naye alituahidi kutuonjesha tutakaporudi. Jioni, tukiwa tumepanda zaidi ya mita 1,600 kwa siku moja, tukafika kambi ya Mto Sasa, mita kama 2,900 juu ya bahari. Tulisali kwa kupunguza na kukusanya, kama alivyoruhusiwa msafiri. Kibla ni kaskazini, na kidogo mashariki. Askari alikaa kando kwa heshima akatulinda mpaka tukamaliza.

USIKU WA PANGO LA MUDE

Siku ya pili tuliuacha mti wa mwisho nyuma yetu. Nchi ya juu ni ya ajabu. Majani ni mafupi na ya rangi ya dhahabu, na humo imesimama mimea ambayo mtu wa Pwani hawezi kuifananisha na kitu: mingine shina lake nene limevikwa majani makavu kama koti, juu lina kichwa cha majani mapana kama kabichi, mingine ni mnara mmoja wa kijani uliosimama wima, mrefu kuliko mtu. Mimea hii usiku hufunga majani yake kuilinda mioyo yake na baridi, na mchana huyafungua. Mwenyezi Mungu amekipa kila kiumbe nguo inayomfaa.

Tulilala penye Pango la Mude, mita kama 3,500. Baridi ilikuwa kali hata maji ndani ya kikombe yakafanya utando wa barafu. Na usiku huo ndipo lilipotokea jambo lililotupima.

Kijana mwenye nguvu kupita wote, mchezaji wa mpira, alikuwa kimya tangu alasiri. Hakula. Mwenzake aliyelala naye katika hema moja alikuja kwangu kwa siri, akaniambia kwamba rafiki yake kichwa chamwuma mno, ametapika mara mbili, na amemwapisha asimwambie mtu. Machozi yalimlengalenga. "Mwalimu," alisema, "nimevunja ahadi yangu kwake. Lakini naogopa."

Nilimwita kiongozi. Alimmulika mgonjwa usoni, akamwambia atembee hatua kumi kwa mstari ulionyooka, akamwuliza maswali machache. Kisha akatuambia kwamba ni ugonjwa wa mwinuko. Hewa ya juu ni nyepesi, na mwili usiopewa siku za kuizoea huweza kuugua, hata kama ni mwili wa mtu mwenye nguvu. Nguvu za mtu si kinga. Pengine mwenye nguvu ndiye huumia zaidi, kwa kuwa hukimbia. Ugonjwa huu ukiachwa huweza kuingia katika mapafu au katika ubongo, ukaua. Dawa yake kubwa ni moja: kushuka.

Kijana alimsihi. "Ni kichwa tu," alisema. "Kesho nitakuwa mzima. Nimetoka mbali, mwalimu, usinirudishe."

Kiongozi alimjibu kwa upole: "Ndugu yangu, kule juu kuna mawe tu. Mawe yatakungoja. Lakini mama yako hangojei kilele, anakungoja wewe."

Hakuna aliyeweza kuongeza neno. Ilikubaliwa ashuke mara moja, wala isingojewe asubuhi, na mwalimu mwenzangu ashuke naye. Mzee mpagazi alisimama bila ya kuulizwa, akachukua mkoba wa kijana juu ya mzigo wake mwenyewe, akamshika mkono, wakaenda na taa gizani. Baadaye mwenzangu aliniambia kwamba mahali pa utelezi mzee alitangulia, akaugeuza mgongo wake ukuta, ili kijana akiteleza amwangukie yeye. Walipofika Mto Sasa kichwa kilikuwa kimepungua, na kulipokucha kijana akaomba uji.

Nilizungumza na yule rafiki yake, kwa sababu alikuwa akijiona msaliti. Nilimwambia kwamba siri ni amana, ndiyo; lakini uhai ni amana kubwa zaidi, na amana ndogo haihifadhiwi kwa kuipoteza iliyo kubwa. Rafiki akikuomba unyamaze ili aangamie, kunyamaza si uaminifu. Wazazi wanaosoma maneno haya na wawaeleze watoto wao mapema, maana jambo hili halitokei mlimani tu.

KILELENI

Saa kumi za usiku tuliobaki tukaondoka, vijana watatu na mimi. Tulisali Alfajiri njiani juu ya majani yaliyoganda. Jua lilipokuwa limepanda kiasi tukafika Wagagai. Kiongozi alikuwa amesema kweli: ni mawe. Lakini kinachoonekana kutoka juu ya mawe yale hakisahauliki. Mbele yetu bonde kubwa la mlima lilikuwa wazi, na nyuma yetu nchi ya Uganda ilinyooka mpaka ikapotea katika ukungu.

Kiongozi alitufundisha jiografia ambayo vijana hawataisahau, kwa sababu hawakuisoma ukutani. Ndani ya bonde lile huanza Mto Suam, ambao hutoka kwa korongo la mashariki, ukawa Turkwel, ukaenda kuishia Ziwa Turkana katika nchi kavu ya kaskazini. Upande wa magharibi hushuka Manafwa na wenzake, ambao maji yao hufika Ziwa Kyoga. Na vijito vya upande wa Kenya huingia Mto Nzoia, ambao hufika Ziwa Victoria. Kijana mmoja akapiga mahesabu kidogo, akasema, "Basi maji ya Nzoia yatapita Jinja!" Na hivyo ndivyo. Mlima ule hubeba maji ya watu wasiouona maishani mwao.

Tulipokuwa tukishuka siku ya nne, mzee mpagazi alitembea nami. Nilimwambia kwamba mlima wao ni mzuri mno. Akaniambia: "Ni mzuri, mwalimu. Lakini mvua ikinyesha usiku, sisi huku hatulali."

Maneno yake yahitaji maelezo. Miteremko ya Elgon ina rutuba, na kwa hiyo watu ni wengi na mashamba ni madogo. Mtu mwenye watoto saba na kipande kidogo cha shamba hupanda juu zaidi, hukata miti, hulima mahali penye mwinuko mkali. Mizizi iliyokuwa ikiushika udongo huondoka. Mvua kubwa zikija, udongo hushiba maji, na upande mzima wa kilima huteremka pamoja na nyumba zake. Tarehe 1 Machi 2010, huko Bududa, vijiji vitatu vilifukiwa, kikiwamo Nametsi, na waliokufa pamoja na waliopotea walipita mia. Mwaka 2018 msiba ulirudi Bududa. Julai 2022 mito iliyoshuka mlimani iliingia mjini Mbale usiku ikaua watu. Na Novemba 2024, majuma machache tu kabla ya safari yetu, udongo ulianguka Bulambuli.

Ni rahisi kwa mgeni kumlaumu mkulima. Lakini kahawa tunayoisifu yalimwa katika miteremko ile ile, na mkulima hapandi juu kwa kupenda khatari. Hupanda kwa kukosa nafasi chini. Kinachofaa ni miti ipandwe pamoja na kahawa, mahali pa khatari pasikaliwe, na wanaohamishwa wapewe ardhi inayolimika, si ahadi.

Budadiri tuliwalipa wapagazi siku ile ile, mkononi, kabla hatujavua viatu. Sote twajua tuliyofundishwa juu ya ujira na jasho la mtenda kazi. Vijana walichanga kwa hiari yao wakamwongeza mzee, na yeye akatimiza ahadi yake ya malewa. Ilikuwa chakula kitamu.

KUTOKA MLIMANI HADI MTONI

Tulipumzika Mbale siku moja, kisha tukafuata barabara ya Tirinyi kwenda Jinja kwa kupitia Iganga, mji wenye Waislamu wengi. Katikati ya njia tulivuka kinamasi cha Mto Mpologoma, chenye mashamba ya mpunga pande zote. Maji yake ni yale yale ya Manafwa tuliyoyaacha juu. Mchele ule hunyweshwa na mlima.

Jinja ndipo Mto Nile hutoka katika Ziwa Victoria. Wasoga huuita Kiyira. Ng'ambo ya mto limejengwa jiwe la kumbukumbu ya Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika hapo mwezi wa Julai 1862 akauita mlango wa mto Maporomoko ya Ripon. Wasoga na Waganda walikuwa wakiyanywa maji yale vizazi vingi kabla yake, na hawakuhitaji kugunduliwa. Tena katika msafara wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Zanzibar mtu huru. Bombay ndiye aliyekuwa mkalimani na mkubwa wa watu. Baadaye akamtumikia Stanley mwaka 1871, na Cameron katika safari ya kulikata bara mwaka 1873 mpaka 1875. Yamkini hapana mtu wa zama zake aliyetembea Afrika hii kwa miguu kuliko yeye. Niliwauliza vijana kama walipata kulisikia jina lake shuleni. Hawakulisikia. Jina la Speke walilijua wote.

KATIKA MAJI MAKALI

Chombo chenyewe ni chelezo cha mpira kilichojazwa upepo, chenye nafasi ya watu kama wanane. Kila mtu hukaa ubavuni na kafi mkononi, na kiongozi hukaa nyuma. Tulivaa kofia ngumu na jaketi la kuokolea lililofungwa mpaka likabana. Pembeni walikuja vijana wa uokozi, kila mmoja katika mtumbwi wake mwembamba wa mtu mmoja. Maji makali hupangwa kwa madaraja, tangu la 1, ambalo ni utulivu, mpaka la 6, ambalo halipitwi. Katika Nile huzoeleka kupita mpaka la 5.

Kabla ya kuanza tulifundishwa amri chache: pigeni mbele, rudisheni nyuma, shikeni, inameni. Tena kila mmoja alitakiwa aruke majini makusudi, ajifunze kuelea chali, miguu imetangulia. Kubwa tuliloonywa ni mtu asijaribu kusimama mahali penye mkondo, kwa kuwa mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yatamlaza kifudifudi. Kijana wetu mmoja, mwogeleaji hodari wa Likoni, alitabasamu. Kiongozi, Msoga aliyejua Kiswahili, alimwona. "Wewe wajua bahari," alimwambia. "Bahari wimbi huja, maji yakabaki. Hapa maji ndiyo huenda, wimbi likabaki. Usishindane nayo."

Ni neno la kweli kabisa. Katika mto wimbi husimama pale pale juu ya mwamba uliofichika, na mto mzima hupita ndani yake. Mkondo wa kwanza ulitutikisa, wa pili ulitulowesha, wa tatu ulitupindua. Nilisikia kelele, kisha sikusikia chochote isipokuwa ngurumo. Jaketi likanirudisha juu. Neema ya sehemu hii ya Nile ni kwamba maji ni mengi na ya kina, na baada ya kila mkondo huja mahali patulivu kama bwawa, ambapo watu huokotwa kwa nafasi. Tulihesabiana: watano. Wa sita alikuwa mwogeleaji wa Likoni, mbali chini ya mto, ameshikilia pua ya mtumbwi wa uokozi. Aliporudishwa alisema, "Niliogelea kwa nguvu zangu zote nikawa sendi popote. Nilipoacha, nikalala chali kama nilivyofundishwa, maji yakaniachilia." Yule mwenzake aliyeugua mlimani, ambaye sasa alikuwa mzima, alimpigapiga begani bila ya kusema neno.

Penye Itanda hatukupita. Maporomoko yale ni makali mno. Tulitoka majini, tukatembea kwa miguu kando ya mto na kuyatazama. Hakuna aliyeona aibu. Mlima ulikwisha tufundisha kwamba kugeuka kwa wakati wake ni katika ushujaa.

TAA ZA JINJA

Tulipokuwa tukila chakula cha mchana juu ya jabali, kiongozi alituhesabia maporomoko yaliyokufa. Ripon yalifunikwa na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo sasa huitwa Nalubaale. Bujagali, mahali palipoheshimiwa sana na Wasoga kwa mila zao, palizama kwa bwawa la megawati 250 lililomalizika mwaka 2012. Iliahidiwa kwamba Kalagala na Itanda yatahifadhiwa kuwa fidia. Lakini mwaka 2019 likafunguliwa bwawa la Isimba la megawati 183 upande wa chini, na maji yake yakapanda yakafunika mikondo kadhaa waliyokuwa wakipita. Safari iliyokuwa ndefu ikafupishwa, na wenzake wengine wakatafuta kazi nyingine.

Kijana mmoja alikasirika, akasema kwamba mabwawa yote ni dhuluma. Kiongozi akamkataza. "Mke wangu alijifungua usiku," alisema, "hospitalini, chini ya taa. Siwezi kuilaani taa. Ninaloomba ni watukumbuke walipoiwasha."

Naona neno hili latutosha sote. Mto ule humbeba mama wa kujifungua, humbeba mvuvi wa Kyoga, huibeba Misri iliyo mbali, hubeba na kijana wa kuongoza chelezo. Serikali haikosi kuchagua, na pengine lazima mmoja apungukiwe ili wengi wapate. Lakini anayepungukiwa astahili kujulikana kwa haki yake, na ahadi aliyopewa ni deni.

KWA WANAOTAKA KWENDA

Wakati mzuri wa mlima ni miezi mikavu, Desemba mpaka Februari, na Juni mpaka Agosti. Mwenye kuweza na aongeze siku moja ya kupumzika njiani ili mwili uzoee hewa. Na kila kijana aambiwe tangu nyumbani kwamba maumivu ya kichwa hayafichwi. Nguo za sufu, koti la mvua na mfuko wa kulalia ni lazima. Katika mto, mchague wenye viongozi waliofundishwa na mitumbwi ya uokozi, na asiyejua kuogelea aseme mapema. Maji ya ziwa na ya Nile yana kichocho. Basi majuma machache baada ya kurudi, nendeni hospitali mkapimwe, maana dawa yake ni nyepesi. Wazee na watoto wasioweza haya wana raha zao: maporomoko ya Sipi upande wa kaskazini wa mlima, karibu na Kapchorwa wanakotoka wakimbiaji mashuhuri Stephen Kiprotich na Joshua Cheptegei, na Jinja, mashua za taratibu huwapeleka wageni mpaka mlango wa mto.

Na popote mtakapokwenda, muwafundishe watoto kuuliza majina ya watu wanaowabebea mizigo, na kuyakumbuka. Mtoto aliyezoea kuuliza ni nani aliyembeba hatakuwa na kiburi mlimani, wala hatasahau nyumbani ni nani aliyembeba kwanza.

Wabillahi tawfiq.